Robo Kilo ya Nyama kwa Watu Sita: Tujifunze Kupika Nyama na Tofu

Somo letu la leo ni la jikoni, na tunaomba akina baba wasifungue ukurasa mwingine, maana pesa ya nyama hutoka kwa nyumba nzima.

Wengi wetu tunajua mambo yalivyo. Mtu anaenda bucha na pesa ya robo kilo, na nyumbani kuna watu sita wanaongoja. Nyama ikishachemshwa, baba anapata vipande vitatu, mgeni akiwapo anapata viwili, na watoto wanachovya ugali kwenye mchuzi. Mchuzi unanukia vizuri, lakini mchuzi mtupu haujengi mwili. Na watoto hao ndio hasa wanaohitaji chakula cha kujenga mwili, kwa sababu bado wanakua.

Kikundi chetu kilikuwa kinalima soya, kama vikundi vingine vingi vya upande huu wa magharibi, kuanzia Busia na Bungoma mpaka Migori. Tulikuwa tunaikaanga, tunaisaga, na kuitia kwenye uji au kuinywa kama chai. Hiyo ni sawa. Lakini hakuna mtu aliyeiweka kwenye sahani kama kitoweo. Ndipo tukaanza kujifunza kutengeneza tofu, na tukaanza vibaya sana, kama mtakavyosoma hapa chini.

Tofu ni kitu gani?

Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa kisha yakakamuliwa maji, mpaka yakawa bonge jeupe na laini linalokatika kwa kisu. Inakaribiana na jibini ya maziwa ya ng'ombe. Asili yake ni China. Wachina husimulia kwamba aliyeivumbua ni Liu An, mtawala wa Huainan aliyeishi zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Kutoka huko ilienea mpaka Japani na nchi za jirani.

Watu wengine hapa kwetu hudhani tofu ni chakula cha wale wasiokula nyama. Si hivyo. Huko ilikotoka, tofu na nyama hupikwa pamoja kila siku. Wachina wana pishi linaloitwa jiachang doufu, maana yake ni tofu ya mtindo wa nyumbani. Vipande vya tofu hukaangwa, halafu hurudishwa kwenye kikaangio pamoja na nyama kidogo, mara nyingi ya nguruwe, na viungo vyenye pilipili. Wajapani nao wana nikudofu, yaani nyama na tofu, ambayo huiva pole pole kwenye sosi ya soya na sukari kidogo. Katika mapishi yote mawili nyama ni chache. Kazi ya nyama ni kutoa ladha, na kazi ya tofu ni kushibisha. Tofu yenyewe haina ladha ya maana (tuseme ukweli, ukiila peke yake utauliza kama umedanganywa), lakini hunyonya ladha ya kile ilichopikwa nacho. Hapo ndipo robo kilo ya nyama inapoanza kutosha watu sita.

Tuangalie hesabu kidogo. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina gramu 200 hivi za protini, yaani kile kinachojenga mwili. Kilo moja ya soya kavu ina gramu 350 au zaidi. Ukitengeneza tofu sehemu fulani hubaki kwenye makapi, kwa hiyo usifikiri zote zimeingia kwenye tofu. Hata hivyo, enda sokoni uulize bei ya kilo ya soya, upite bucha uulize bei ya kilo ya nyama, kisha uweke hizo bei mbili kando ya hizo gramu. Kila mahali bei ni yake, kwa hiyo hatuandiki bei hapa. Fanyeni hesabu wenyewe.

Usichague soya yoyote tu

Soya ya tofu ni ile mbichi kavu, kama ya mbegu, ambayo haijakaangwa. Unga wa soya wa kutia kwa chai hauwezi kuganda, hata ukimwaga ndimu ndoo nzima, kwa sababu ulishakaangwa na protini yake imebadilika. Mama mmoja wa kikundi chetu alijaribu siku nzima akamaliza kuni za juma. Tena usitumie soya iliyokaa ghalani misimu mingi, maana itakupa tofu kidogo. Na ile uliyonunua kwa duka la pembejeo ikiwa imepakwa dawa ya wadudu ni ya kupanda tu. Hiyo usiipike kabisa, hata ukiiosha mara kumi.

Kutengeneza tofu ya nusu kilo

Chukua nusu kilo ya soya, chambua mawe na punje mbovu, osha, kisha loweka jioni kwa maji mengi. Soya huvimba mara mbili na zaidi, kwa hiyo usitumie bakuli dogo. Asubuhi pasua punje moja katikati. Kama ndani ni bapa na rangi ni moja kote, iko tayari. Kama katikati kuna shimo la rangi ya njano iliyoiva, ongeza saa moja au mbili. Saa 8 mpaka 12 kwa kawaida zinatosha.

Mwaga hayo maji na uoshe tena. Sasa saga. Mashine ya posho inasaga vikavu, kwa hiyo soya iliyolowekwa usiipeleke huko, utagombana na mwenyewe. Tumia kinu cha kutwangia, au jiwe la kusagia, au ile mashine ya mkono ya kusagia nyama ukipitisha mara mbili. Mwenye stima na blenda hana taabu. Ongeza maji kidogo kidogo unaposaga mpaka iwe laini kama uji. Halafu changanya na maji mengine, maji yote pamoja yawe lita 4. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba, kipande cha amerikani kinafaa sana, na ukamue kwa nguvu. Kinachobaki kwenye kitambaa ni makapi. Usiyatupe, tutayarudia.

Sasa maziwa yako jikoni, na hapa tunaomba msome polepole.

Maziwa ya soya hudanganya. Kabla hayajachemka, povu hupanda ghafla mpaka juu ya sufuria, na ukiangalia utasema, haya, yamechemka. Lakini wapi! Chini ya hilo povu bado hayajafika kuchemka. Mara yetu ya kwanza tuliona povu limepanda, tukaogopa yatamwagika, tukaepua. Tukatia ndimu, tukapata kitu kilegevu cha kukatika katika, na kwa kuwa tulikuwa na furaha ya kitu kipya tukakipasha moto kidogo tu na kukila. Jioni hiyo wengine wetu walitapika, wengine waliendesha. Watoto wawili walilia tumbo usiku kucha. Kesho yake maneno yalikuwa yameenea kijijini kote kwamba akina mama wa kikundi wanalisha watu chakula cha ng'ombe chenye sumu, na mwanachama mmoja akachukua akiba yake akatoka.

Tulikasirika, lakini kijiji kilikuwa na sababu. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini na vinavyochafua tumbo. Moto wa kutosha huviharibu vitu hivyo. Sisi hatukuupa moto nafasi. Hata huko China kwenyewe, walikoanzia, watu huumwa kwa kunywa maziwa ya soya ambayo hayakuiva, kwa sababu ya hilo hilo povu.

Kwa hiyo fanya hivi. Tumia sufuria ambayo maziwa yanafika nusu tu. Povu likipanda, punguza moto, koroga na mwiko mpaka lishuke, halafu rudisha moto. Litapanda tena, utashusha tena. Ukiona maziwa yenyewe yanabubujika kutoka chini na povu limepungua, hapo ndipo unaanza kuhesabu. Chemsha dakika 10 mpaka 15 kuanzia hapo, ukikoroga mpaka chini yasiungue. Asiye na saa na atafute mwenye saa. Kwetu ni sheria ya kikundi sasa: mtu mmoja kazi yake ni saa tu, haruhusiwi hata kukata vitunguu.

Baada ya hapo epua, acha dakika tano. Kamua ndimu upate nusu kikombe cha maji yake, changanya na nusu kikombe cha maji ya kawaida. Siki nyeupe pia inafaa. Mwaga theluthi moja ukikoroga polepole mara moja mbili, kisha acha. Mwaga theluthi ya pili, funika, ngoja dakika tano. Utaona mabonge meupe yanajitenga na maji yanakuwa ya njano na maangavu. Maji yakiwa bado meupe kama maziwa, mwaga iliyobaki kidogo kidogo. Yakishakuwa maangavu, acha hapo hapo, kwani ndimu ikizidi tofu inakuwa chungu na inavunjika.

Tandika kitambaa ndani ya mkebe uliotobolewa matundu au kikapu kidogo, teka mabonge uyaweke humo, kunja kitambaa juu, weka kisahani na jiwe safi la kilo moja au mbili. Kwa kukaanga tunataka tofu ngumu kidogo, kwa hiyo iache dakika 40. Nusu kilo ya soya itakupa tofu ya robo tatu ya kilo hivi, wakati mwingine zaidi kidogo.

Sasa kitoweo chenyewe

Kwa watu sita andaa hiyo tofu yote, robo kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, vitunguu viwili, hoho moja, punje tatu za kitunguu saumu, tangawizi kama ncha ya kidole gumba, majani ya kitunguu, vijiko vitatu vya mezani vya sosi ya soya, nusu kijiko cha chai cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha unga wa muhogo, kikombe kimoja cha maji na mafuta ya kupikia. Pilipili ni mtu na nyumba yake. Sosi ya soya inapatikana madukani mjini, na chupa moja inakaa sana. Ukiikosa tumia chumvi na nyanya mbili zilizopondwa. Haitakuwa tena ladha ya Kichina, itakuwa ya kwetu, na si vibaya. Ukitumia sosi usitie chumvi mpaka uonje, kwa sababu sosi yenyewe ina chumvi nyingi.

Nyama ya bucha zetu mara nyingi ni ngumu. Ikate nyembamba sana, kisu kikikata nyuzi za nyama badala ya kuzifuata. Kipande kikiwa na nyuzi fupi kinatafunika hata na nyanya asiye na meno mengi. Ichanganye na kijiko kimoja cha sosi uiache pembeni. Ukiona kisu hakipiti vizuri, mwambie mwenye bucha akusagie.

Tofu ikate vipande vya unene wa kidole, kisha uikaushe kwa kitambaa safi, upande huu na upande huu. Usiruke hatua hii. Tofu yenye maji hurusha mafuta usoni na kushika kwenye kikaangio. Weka mafuta vijiko vitatu, yapate moto sawasawa, panga vipande visirundikane, halafu uache. Tunasema uache! Ugonjwa wa wengi wetu ni kugeuza geuza. Tofu ikiwa bado haijapata ngozi ya rangi ya dhahabu inashika chini, na ukiilazimisha inavunjika. Ikishaiva upande huo inajiachilia yenyewe. Dakika nne au tano kila upande. Itoe uiweke kwenye sahani.

Kwenye mafuta yaliyobaki tia nyama, moto uwe mkali, dakika mbili au tatu mpaka ibadilike rangi. Tia vitunguu, tangawizi, saumu, kisha hoho. Vitunguu vikilainika rudisha tofu, mwaga kikombe cha maji, sosi iliyobaki na sukari. Funika, punguza moto, dakika nane hivi. Wakati huo ndio tofu inakunywa mchuzi, kwa hiyo usiwe na haraka. Mwisho koroga unga wa muhogo kwa maji baridi kidogo, mwaga, geuza taratibu mpaka mchuzi uwe mzito na kushikamana na vipande. Nyunyizia majani ya kitunguu. Kula na ugali au wali, na mboga ya majani kando.

Mapishi yote haya yanatoka kwenye kikaangio kimoja. Mwenye karai kubwa anaweza kupikia mkutano mzima.

Kuna mambo mawili ya lishe tunayoulizwa mara kwa mara. La kwanza, kwa nini tusiache nyama kabisa? Anayetaka aiache, tofu itaiva hata bila nyama. Lakini nyama kidogo ina faida yake. Inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya soya na mboga, chuma ambacho kina mama wajawazito na watoto wanakihitaji kwa damu. Chai inafanya kinyume chake, inazuia. Basi ile chai tunayokunywa pamoja na chakula tuisogeze, inywewe saa moja au zaidi baadaye. Tofu ya ndimu pia haina kalisi nyingi kama ile iliyogandishwa kwa jasi viwandani, kwa hiyo omena na sukuma wiki zibaki mezani.

La pili ni watoto wachanga. Maziwa ya soya ya nyumbani hayachukui mahali pa maziwa ya mama. Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Mkubwa kuliko huyo anaweza kupondewa tofu laini ndani ya chakula chake, ukianza na kidogo na kuangalia, kwani wako watoto ambao soya inawakataa, wanatokwa na vipele au kuvimba mdomo.

Na akina baba? Mwanachama mmoja alisaga tofu akaichanganya na nyama bila kusema. Mzee wake alikula akasifu, halafu akaambiwa na mtoto. Nyumba haikulalika. Hakuchukia tofu, alichukia kufichwa. Sisi tunaona ni afadhali iwekwe mezani ijulikane, na yeye aambiwe robo kilo ilinunuliwa kwa pesa ngapi na imelisha wangapi. Mzee huyo sasa ndiye anayetusagia kwa kinu, ingawa bado anasema kipande cha nyama kikubwa ni chake.

Makapi na masalio

Tofu haikai. Bila friji ile siku hiyo hiyo. Ikibaki, iweke kwenye maji safi ndani ya chungu mahali pa baridi, na asubuhi inuse. Ikiwa na uchungu au utelezi, mpe nguruwe. Mwenye friji atabadilisha maji kila siku na ataila kwa siku mbili au tatu.

Makapi tuliyoyachuja bado ni mabichi, kwa hiyo hatari ni ile ile ya maziwa. Yachemshe dakika 20 na maji kidogo, hata kama ni ya kuku au nguruwe, kwani nao hawakui vizuri kwa soya mbichi. Yakishaiva, yakamue. Kikombe kimoja cha makapi na vikombe vitatu vya unga wa ngano vinatoa chapati laini, ila maji ya kukandia yapunguzwe. Yanachacha upesi, usiyalaze. Yule mwanachama aliyetoka hajarudi kwenye kikundi mpaka leo, lakini kila Jumamosi anatuma mtoto na ndoo kuchukua makapi ya nguruwe wake, na tunampa.

Vikundi vingine vimetuuliza kuhusu kuuza. Kabla ya kufikiria soko, tengenezeni mara tano kwa matumizi yenu, na kila mara muandike kwenye daftari soya kiasi gani, kuni kiasi gani, saa ngapi za kazi, tofu imetoka kilo ngapi. Kuni na saa ndizo watu husahau, halafu wanashangaa faida imeenda wapi. Na chakula cha kuuza kina sheria zake: anayekitengeneza awe na cheti cha kupimwa afya, na mahali pakaguliwe. Ulizeni ofisi ya afya ya kaunti yenu kabla ya kununua hata mkebe mmoja.

Katika mkutano wenu ujao jadilianeni haya: kwa nyumba zenu, nyama hugawanywa vipi, na nani hupata kidogo? Nani ana soya ambayo haijapakwa dawa? Nani ana kinu kizuri, na nani atashika saa?